Kadi haisomi: kutafuta tatizo la kadi ya upanuzi kwa kufuata dalili

Kadi ya upanuzi ikigoma, iwe ya michoro, ya mtandao, ya sauti au ya kuongeza poti za USB, wengi hukimbilia draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi. Huifuta, huiweka upya, hupakua toleo jingine, na jioni huwakuta palepale. Draiva ni hatua ya mwisho. Kabla yake kadi lazima ikae sawasawa kwenye sloti, ipate umeme wa kutosha, kisha itambuliwe na UEFI, programu ya ubao mama inayoamsha vifaa kabla ya Windows au Linux. Kimoja kikikosekana, hakuna draiva itakayoiokoa.

Kwa hiyo anza na swali moja: je, ubao mama unaiona kadi? Kwenye Windows bonyeza Win+X, fungua Device Manager, utafute kifaa kipya, hata kama hakina jina na kina alama ya njano. Kwenye Linux andika lspci -nn. Kadi hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek. Ukiona namba hizo, hata bila jina la kadi, basi sloti inafanya kazi na umeme wa kuanzia upo; ruka moja kwa moja hadi sehemu ya alama ya njano. Usipoziona, acha draiva, tatizo bado liko ndani ya kasha.

Kila unapofungua kasha, zima kompyuta, zima swichi ya pawasaplai, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Kompyuta iliyozimwa lakini ikaachwa kwenye umeme bado ina volti 5 za kusubiri kwenye ubao, na sloti za PCIe (sloti za kisasa za kadi) nazo huwa na 3.3 V ya akiba. Kuchomoa kadi katika hali hiyo ni njia rahisi ya kuunguza kadi nzima isiyokuwa na kosa. Gusa pia chuma cha kasha kisicho na rangi kabla ya kushika kadi, na uishike kwa kingo zake.

Kompyuta haiwaki, au inawaka sekunde moja na kuzima

Toa kadi, washa bila kadi. Ikiwaka, tatizo liko kwenye kadi au umeme wake. Isipowaka, huenda mkono umelegeza kitu kingine ulipokuwa ukifanya kazi: plagi ya pini 24, plagi ya prosesa iliyo juu kushoto mwa ubao, au kipande cha RAM. Zisukume zote hadi zifunge.

Kuzima baada ya sekunde moja mara nyingi ni kinga ya pawasaplai inayokata umeme kwa sababu kuna shoti. Tafuta skrubu iliyodondoka chini ya ubao au nyuma ya kadi. Ikishakata, pawasaplai nyingine hazikubali kuwaka tena mpaka uzichomoe ukutani kwa dakika moja hivi, kwa hiyo usihukumu haraka kwamba imekufa.

Kuna makosa mawili ya nyaya yanayounguza vifaa kabisa. La kwanza ni kulazimisha plagi ya prosesa ya pini 8, ile inayogawanyika 4+4, iingie kwenye kadi ya michoro. Plagi ya kadi ni 6+2. Umbo la vishimo vyake ni tofauti kwa makusudi, maana upande ambao moja ina 12 V nyingine ina ardhi. La pili ni kuchanganya nyaya za pawasaplai mbili za aina ya nyaya zinazochomoka. Upande wa kadi una kanuni moja kwa wote, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Waya kuingia vizuri si ushahidi kwamba ni wake.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hii ndiyo dalili inayosumbua zaidi, na chanzo chake cha kawaida ni cha aibu: kebo ya skrini bado iko kwenye poti ya ubao mama. Bao nyingi zikiiona kadi ya michoro huzima michoro ya ndani ya prosesa. Ihamishie kebo kwenye kadi. Kinyume chake pia hutokea: unatoa kadi ili kupima, unachomeka skrini kwenye ubao, na bado ni giza, kwa sababu prosesa haina michoro yoyote. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni ziko hivyo. Ryzen za kabla ya mfululizo wa 7000 huwa na michoro zikiwa na herufi G tu. Jua prosesa yako kabla ya kusema ubao umekufa.

Kisha umeme. Sloti ya x16, ile ndefu yenye nafasi ya njia 16 za data, hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. Kadi yenye tundu mbili za umeme inataka zote mbili zijazwe. Ukijaza moja, baadhi ya kadi huzungusha feni kwa kasi ya juu bila picha, nyingine huandika onyo kwenye skrini, nyingine hunyamaza tu. Kwenye plagi ya 6+2 angalia kile kipande cha pini 2, ni rahisi kubaki nje huku kile cha 6 kimefunga.

Angalia taa ndogo za uchunguzi ikiwa ubao wako unazo: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Taa ya VGA ikibaki inawaka, ubao haujapata kadi ya kuonyesha picha. Ikibaki DRAM, ulipoingiza kadi uligusa RAM, au ubao unajipima upya. Bao za DDR5, hasa baada ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya ubao), zinaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi zikiipima RAM, na anayezima kila baada ya sekunde 30 anairudisha kazi mwanzo. Bao za zamani zenye spika ndogo husema kwa milio: kwa BIOS (programu ya kuwashia iliyotangulia UEFI) ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni tatizo la picha.

Kama umeme uko sawa na kadi inafanya kazi kwenye kompyuta nyingine, shuku UEFI. Kadi za michoro za kabla ya 2012 kwa kawaida hazina programu ya GOP ambayo UEFI huitumia kuchora picha, kwa hiyo ubao uliozimwa CSM, sehemu ya UEFI inayoiga BIOS ya zamani, hauwezi kuzitumia wakati wa kuwaka. Suluhisho ni kuwasha CSM, na hapo Secure Boot, ukaguzi wa sahihi za programu wakati wa kuwaka, itabidi izimwe. Tatizo ni kwamba ili uingie kwenye mipangilio unahitaji picha. Tumia michoro ya ndani au uazime kadi nyingine kwa muda. Kufuta CMOS, kwa kuunganisha pini zake au kutoa betri ya CR2032 dakika chache, husaidia pale tu ambapo mipangilio ya mwanzo ya ubao ina CSM iliyowashwa. Kwenye bao mpya kwa kawaida haina.

Upande wa pili wa shilingi hiyo: ukizima CSM ili kuwasha Resizable BAR (inayoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja) kwa ajili ya kadi mpya, halafu Windows haionekani tena kwenye orodha ya kuwashia, diski yako bado ni ya mpangilio wa zamani wa MBR. Rudisha CSM, ingia Windows, uibadilishe kuwa GPT, mpangilio ambao UEFI inautaka, kwa amri ya mbr2gpt, ndipo uzime tena. Mwenye BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) aweke ufunguo wa kurejesha karibu kabla ya kugusa mipangilio hii, kwa sababu Windows inaweza kuudai mara tu baada ya mabadiliko.

Kadi iliyowekwa wima kwa kebo ya kurefushia sloti ina ugonjwa wake. Kebo iliyotengenezwa kwa PCIe 3.0 ikibeba kadi ya 4.0, wakati mwingine picha haiji kabisa, wakati mwingine inakuja na kuganda. Chomeka kadi moja kwa moja kwenye ubao, ingia UEFI, iweke sloti hiyo kwenye Gen3 (yaani PCIe 3.0), kisha urudishe kebo.

Kompyuta inawaka vizuri, kadi haionekani popote

Hapa sababu ya kwanza ni ukaaji, na si kila mara kwa sababu mtu hakusukuma kwa nguvu. Tazama bamba la chuma la kadi, lile linalofungwa kwa skrubu nyuma ya kasha. Chini lina ulimi mwembamba unaopaswa kushuka katikati ya ukingo wa ubao na ukuta wa kasha. Ulimi ukikalia ukingo wa ubao au ukipinda, kadi inabaki juu milimita moja au mbili upande wa nyuma. Kosa la pili ni la ujanja zaidi: kadi imekaa vizuri, lakini unapokaza skrubu, bamba linavutwa na kunyanyua mkia wa kadi kutoka kwenye sloti. Hutokea kwenye makasha ya bati jembamba lililopinda, au ubao ulipofungwa huku nguzo zake hazijalingana na matundu.

Ili kuona hili, ingiza kadi bila skrubu na utazame kwa tochi mstari wa miguu ya dhahabu. Ikikaa sawa, mstari unaoonekana juu ya sloti ni mwembamba na uko sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kisha kaza skrubu ukiutazama mstari huo huo. Ukiuona unapanuka upande mmoja, umempata mwizi. Legeza skrubu za ubao, uusogeze kidogo, au unyooshe bamba taratibu kwa koleo ukiwa umelitoa kwenye kadi. Klipu ya mwisho wa sloti ya x16 nayo inapaswa kulia inapofunga. Ikikataa kufunga, usiilazimishe, kadi haijafika chini.

Miguu iliyochafuka isafishe kwa pombe ya isopropili ya 90% au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kifutio cha penseli kinapendwa sana, lakini kinakwangua dhahabu na kuacha vipande vinavyoingia kwenye sloti. Sisi hatukishauri. Sloti yenyewe ipulize kwa hewa. Usiingize kitu chochote ndani yake.

Sababu ya pili ni sloti yenyewe. Kadi ya x1 au x4 hufanya kazi kwenye sloti ndefu ya x16 bila tatizo. Kadi ya PCI ya zamani haiingiliani na PCIe hata kidogo, ingawa kwa asiyezoea sloti zake zinafanana. Na urefu wa sloti hausemi njia ngapi za data zimeunganishwa: sloti ya chini yenye umbo la x16 mara nyingi ina x4 tu, na hupitia chipseti (chipu ya ubao inayohudumia poti na sloti nyingine) badala ya prosesa.

Zaidi ya hapo, njia zenyewe hugawanwa. Prosesa na chipseti zina idadi maalum ya njia, na mtengenezaji wa ubao huamua nani anamnyang'anya nani. Ukijaza sloti fulani ya M.2 (sloti ndogo ya ubao) kwa SSD, sloti ya PCIe ya chini inaweza kuzimika kabisa, au poti mbili za SATA (za diski) zikapotea. Hakuna ujumbe wa kosa, kadi haipo tu. Jedwali la mgawanyo huu liko kwenye kitabu cha ubao, kwa kawaida kwenye ukurasa wa vipimo au chini ya mchoro wa sloti, kwa maandishi madogo. Lisome kabla ya kununua kadi, si baada. Prosesa pia huchangia: Ryzen za mfululizo wa 8000G hutoa njia 8 au 4 tu kwa sloti ya kadi ya michoro, hivyo sloti nyingine zinazotegemea prosesa zinaweza kubaki bila kitu.

Kadi zinazobeba SSD mbili au nne za M.2 hudanganya watu wengi. Zile za bei nafuu hazina chipu ya kugawa njia. Zinategemea ubao uigawe sloti ya x16 kuwa x4x4x4x4. Usipoweka mpangilio huo, utaona SSD moja tu, ile ya kwanza. Kwenye UEFI unaitwa bifurcation, na bao nyingi za bei ya chini hazina.

Ikiwa kadi imehamishwa sloti mbili, imepimwa kwenye kompyuta nyingine na inafanya kazi, na ubao wako hauioni kwenye sloti inayotegemea prosesa, toa prosesa uikague soketi yake. Pini moja iliyopinda kwenye soketi inaweza kuua sehemu ya njia za PCIe huku kila kitu kingine kikifanya kazi.

Inaonekana, lakini ina alama ya njano

Sasa draiva ina nafasi. Bofya kifaa mara mbili, usome namba ya kosa.

Code 28 ina maana draiva haijawekwa. Nenda kwenye kichupo cha Details, chagua Hardware Ids, uchukue VEN na DEV (namba ya mtengenezaji na ya kifaa), utafute draiva kwa namba hizo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo ziepuke. Kama kadi ni ya mtandao na kompyuta haina mtandao mwingine, unganisha simu ya Android kwa USB na ushiriki intaneti yake. Windows na Linux kwa kawaida huitambua bila kuongeza kitu.

Code 12 inasema rasilimali hazitoshi. Kadi inaomba nafasi kubwa ya anwani za kumbukumbu kuliko iliyobaki chini ya GB 4. Washa Above 4G Decoding kwenye UEFI. Ukiwa na kadi nyingi, zima vifaa vya ubao usivyovitumia.

Code 52 ni draiva isiyo na sahihi ya kidijitali, kwa kawaida ya zamani. Tafuta mpya badala ya kuzima ukaguzi wa sahihi. Code 10 na Code 43 hazisemi mengi: kifaa kimeshindwa kuanza, au kimeanza kikaripoti kosa. Ondoa draiva pamoja na faili zake, washa upya, weka toleo linalolingana na Windows yako. Kwenye kadi ya michoro, Code 43 inayobaki baada ya hapo, tena kwenye kompyuta ya pili, ni dalili mbaya ya kadi yenyewe, hasa iliyowahi kubadilishiwa BIOS.

Jambo dogo linalochanganya: Windows 10 na 11 zikiwa na Fast Startup, kuzima si kuzima kamili, hali ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski. Baada ya kuongeza kadi chagua Restart, au zima kwa shutdown /s /t 0.

Inafanya kazi, lakini polepole

Pima njia kabla ya kulalamikia kadi. Kwenye Linux, sudo lspci -vv huonyesha LnkCap, yaani uwezo wa kadi, na LnkSta, yaani ilichopata. Kwenye Windows GPU-Z hufanya hivyo kwa kadi za michoro. Njia moja ya PCIe 2.0 hubeba MB 500 kwa sekunde, ya 3.0 kama MB 985, ya 4.0 karibu mara mbili ya hiyo. Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 inahitaji MB 1,250 kwa sekunde. Kwenye njia moja ya 2.0 haitavuka gigabiti 4, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hesabu hiyo.

Kadi ya michoro inayoonyesha Gen1 ikiwa imepumzika haina tatizo, inapunguza matumizi ya umeme. Ipime ikiwa na kazi. Idadi ya njia ndiyo ya kutilia shaka: kadi ya x16 inayobaki x8 au x1 hata chini ya mzigo ina miguu michafu, imekaa vibaya, au inagawana njia na M.2.

Inazima au kuganda chini ya mzigo

Kompyuta ikizimika ghafla kama umeme umekatika, kwa kawaida pawasaplai imezidiwa. Kadi kubwa hupanda kwa milisekunde chache juu ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, na kinga hukata. Kadi yenye tundu mbili za pini 8 ipe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Kwa plagi mpya ya pini 16, sukuma hadi pasiwe na mwanya wowote, na usiikunje karibu na kichwa. Acha kama milimita 35 za waya ulionyooka. Plagi hiyo isiyofika mwisho huyeyuka. Skrini ikiganda huku kompyuta ikibaki imewaka, tazama joto kwanza.

Vituko vya kadi mojamoja

Kadi ya USB yenye tundu la umeme la SATA inataka umeme huo. Bila waya, kipanya kitafanya kazi, diski ya nje itakatika kila mara.

Kadi ya Wi-Fi ikiwaka bila Bluetooth, waya wake mdogo haujaunganishwa na pini 9 za USB 2.0 kwenye ubao. Wi-Fi hupita PCIe, Bluetooth hupita USB. Na moduli za Intel kama AX201 na AX211 hazifanyi kazi kwenye adapta ya kawaida ya PCIe kwa sababu zinategemea sehemu iliyo ndani ya chipseti ya Intel. Chukua AX200 au AX210.

Kadi ya sauti iliyo kimya huwa haijachaguliwa tu kama kifaa cha msingi. Kadi ya michoro nayo huleta sauti ya HDMI na kuinyang'anya nafasi.

Kadi ya RAID iliyotolewa kwenye seva inaweza kuzuia kompyuta ya kawaida isiwake kabisa. Mara nyingi mgongano uko kwenye pini B5 na B6 za SMBus (njia ndogo ya mawasiliano kati ya kadi na ubao): zihesabu kutoka upande wa bamba, kwenye uso wenye chipu, uzifunike kwa kipande cha utepe wa Kapton, usiopitisha umeme.

Na kwenye Linux, usishangae seva ikipoteza mtandao baada ya kuongezewa kadi isiyohusiana na mtandao. Kadi mpya inaweza kusogeza namba za basi (bus) za PCIe, na jina la kadi ya mtandao, tuseme enp3s0, linageuka enp4s0 huku mipangilio ikitaja jina la zamani. Andika ip link uone jina jipya, kisha, kwenye mifumo inayotumia netplan, kwenye faili iliyomo /etc/netplan tumia match na macaddress badala ya jina, ili kadi ijayo isilete usumbufu huohuo.